Stoo Ikivunjwa Gakoromone: Hatua za Kuchukua na Haki Zako

Mfanyabiashara wa Soko la Gakoromone mjini Meru anahitaji mahali salama pa kuweka mali yake usiku. Mwenye magunia ya maharagwe, mahindi na kamande, au marobota ya mitumba, hawezi kuyabeba hadi nyumbani kila jioni. Kwa hivyo wengi hukodi chumba au nafasi ndani ya stoo iliyo karibu na soko. Kodi hutumwa kwa simu kila mwezi, ufunguo hukabidhiwa kwa mkono, na mara nyingi hakuna karatasi yoyote inayoandikwa.

Mpango huo hauna shida hadi siku kufuli linapokutwa limekatwa. Hapo ndipo mpangaji huanza kujiuliza: Niende wapi kwanza? Mwenye stoo atanilipa? Magunia yakipatikana kwa mtu mwingine, nitathibitishaje kuwa ni yangu? Makala haya yanaeleza hatua za kuchukua, sheria inavyosema, na mambo ambayo mkazi anaweza kufanya mapema ili asipoteze mtaji wake wote kwa usiku mmoja.

Hakikisha kwanza kwamba ni wizi

Si kila mlango uliobadilishwa kufuli umevunjwa na mwizi. Wakati mwingine ni mwenye stoo aliyefunga kwa sababu ya malimbikizo ya kodi. Mpigie simu kabla ya kwenda kituoni, kwa kuwa hatua za kisheria ni tofauti.

Mwenye jengo hana ruhusa ya kuingia na kujichukulia mali ya mpangaji kama malipo. Sheria ya Kukamata Mali kwa Ajili ya Kodi, Sura ya 293, ina utaratibu wake, na kazi hiyo hufanywa na dalali mwenye leseni. Tena, kama unauzia bidhaa zako ndani ya jengo hilo, na huna mkataba wa maandishi au una mkataba usiozidi miaka 5, upangaji wako unaweza kuwa chini ya ulinzi wa Sura ya 301 ya Sheria za Kenya. Mzozo wa namna hiyo hupelekwa katika Jopo la Kodi za Majengo ya Biashara, ambalo linaweza kuamuru mlango ufunguliwe.

Ikiwa mwenye stoo hajui lolote, na mali haipo, basi lichukulie jambo hilo kuwa wizi.

Saa za kwanza

Jambo la kwanza ambalo watu hufanya ni kufagia, kupanga upya kilichobaki na kuweka kufuli jipya. Kufanya hivyo huharibu ushahidi. Fuata mpango huu badala yake:

1. Usiguse mlango, kufuli wala bawaba. Usiruhusu umati uingie.
2. Piga picha za mlango, paa, dirisha, nyayo, alama za magurudumu na nafasi iliyobaki wazi. Acha kufuli lililokatwa mahali lilipo hadi polisi walione.
3. Piga simu polisi kwa nambari 999 au 112, au tuma mtu kituo kilicho karibu huku wewe ukilinda mlango.
4. Mjulishe mwenye stoo kwa ujumbe wa maandishi, hata kama mmezungumza kwa simu. Ujumbe hubaki na tarehe na saa.
5. Andika majina ya watu waliokuwa karibu: mlinzi wa usiku, jirani wa stoo, mwenye mkokoteni au bodaboda aliyeona gari likipakia.
6. Uliza ni jengo lipi la karibu lenye kamera. Mifumo mingi ya kamera hufuta picha za zamani ili kupata nafasi ya mpya. Mwombe mwenye kamera ahifadhi picha za usiku huo, na umweleze afisa wa upelelezi azichukue. Chini ya kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi, picha za kielektroniki huhitaji cheti kinachoeleza zilivyotolewa kwenye mtambo, kwa hivyo usitosheke na kipande cha video kilichosambazwa kwa simu.

Ukiwa kituoni

Ripoti ya wizi huandikwa katika Kitabu cha Matukio, na kila ripoti hupewa nambari ya OB. Usiondoke bila nambari hiyo. Kuandikisha ripoti hakulipiwi.

Nenda na orodha iliyoandikwa. Tuseme ulikuwa na magunia 24 ya maharagwe, kila moja kilo 90, na sasa yamebaki 9. Usiseme "karibu yote yameibwa." Sema magunia 15 yameibwa, jumla kilo 1,350. Ikiwa ulinunua kila gunia kwa Sh9,000, hasara ni Sh135,000. Ambatisha risiti, ujumbe wa malipo ya simu na daftari lako la biashara. Ukitaja idadi moja leo na nyingine mahakamani, wakili wa mshtakiwa ataitumia tofauti hiyo dhidi yako.

Baadaye utaandikisha taarifa kamili. Una haki ya kusomewa taarifa hiyo kwa lugha unayoielewa kabla ya kuitia sahihi. Sema ulichokiona, na ukiwa na shuku, eleza sababu za kumshuku mtu huyo. Kutoa taarifa ya uongo kwa afisa wa umma ni kosa chini ya kifungu cha 129 cha Kanuni ya Adhabu. Chukua jina na nambari ya simu ya afisa aliyekabidhiwa kesi, na umpe muda kabla ya kufuatilia.

Ukikataliwa kuandikisha ripoti, au ukiombwa pesa, muone mkuu wa kituo, kisha kamanda wa polisi wa kaunti ndogo. Bado ukikwama, unaweza kulalamika kwa Kitengo cha Masuala ya Ndani cha Polisi au kwa Mamlaka Huru ya Kusimamia Utendakazi wa Polisi, IPOA. Mwenye habari kuhusu wahalifu lakini anaogopa kutajwa anaweza kuipigia Idara ya Upelelezi wa Jinai, DCI, kupitia nambari isiyotozwa malipo 0800 722 203.

Kazi ya kaunti na kazi ya polisi

Wakazi wengi hufika ofisi ya soko wakitarajia kaunti ikamate mwizi. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, iligawanya majukumu. Masoko, leseni za biashara na biashara ya haki ni kazi ya kaunti. Polisi na mahakama ni kazi ya serikali ya kitaifa. Afisa wa soko anaweza kupokea malalamiko kuhusu taa, uzio, lango au usafi, na anaweza kuwasaidia polisi kujua nani hufanya biashara wapi. Hana mamlaka ya kupekua stoo ya mtu wala kumzuilia mshukiwa.

Vilevile, risiti ya ushuru wa soko inathibitisha kwamba umelipa ushuru. Si bima ya mali yako. Hata hivyo itunze, kwa kuwa inaonyesha kwamba siku fulani ulikuwa ukifanya biashara mahali fulani.

Sheria inasema nini kuhusu kosa lenyewe

Kanuni ya Adhabu, Sura ya 63, inatofautisha makosa haya:

Wizi wa kawaida, chini ya kifungu cha 275, adhabu yake ni kifungo kisichozidi miaka 3.

Kuvunja na kuingia duka, ghala au stoo na kutenda kosa kubwa ndani yake, chini ya kifungu cha 306, adhabu hufika miaka 7.

Wizi unaotendwa na mfanyakazi dhidi ya mwajiri wake, chini ya kifungu cha 281, adhabu pia hufika miaka 7.

Kupokea au kuuza mali huku ukijua, au ukiwa na sababu ya kuamini, kwamba imeibwa, chini ya kifungu cha 322, adhabu hufika miaka 14.

Angalia hilo la mwisho. Sheria inamtazama mpokeaji wa mali ya wizi kwa ukali kuliko aliyeivunja stoo, kwa sababu mwizi wa magunia 15 hawezi kuyala peke yake. Yupo anayeyanunua. Mfanyabiashara anayeletewa maharagwe saa kumi alfajiri kwa bei ya nusu, na muuzaji hataki kuandika jina wala kupokea pesa kwa simu, anajiweka hatarini. Dai risiti, nakili nambari ya gari, na ukikosa majibu ya kuridhisha, usinunue.

Magunia yanafanana: utathibitishaje?

Kesi nyingi za mali ya wizi hupotelea hapa. Polisi wanapata magunia kwa mtu, mwenye mali anasema "haya ni yangu," na mshtakiwa anasema vivyo hivyo. Mahakama zetu hutumia kanuni ya kupatikana na mali iliyoibwa hivi karibuni. Ili kanuni hiyo imfunge mshtakiwa, Mahakama ya Rufani imeeleza kwamba ni lazima mambo manne yathibitishwe: mali ilipatikana kwa mshtakiwa, mali hiyo ni ya mlalamishi bila shaka, iliibwa kutoka kwa mlalamishi, na iliibwa karibuni. Jambo la pili ndilo gumu, na jukumu lake kubwa ni la mwenye mali.

Ladha na rangi ya maharagwe havitoshi. Kinachosaidia ni alama. Shona magunia yako kwa uzi wa rangi moja isiyo ya kawaida. Piga chapa ya herufi zako kwa rangi isiyofutika, nje na ndani ya mdomo wa gunia. Weka kikaratasi chenye nambari katikati ya nafaka. Marobota ya mitumba yapigwe picha yakiwa na lebo za mwagizaji. Mashine, mizani na jokofu vina nambari za kiwandani. Ziandike daftarini na upige picha. Kisha daftari hilo usiliweke ndani ya stoo hiyo hiyo.

Mali ikipatikana, huwekwa kama ushahidi. Kwa bidhaa zinazooza kama viazi, ndizi na parachichi, mweleze afisa wa upelelezi na mwendesha mashtaka mapema, ili mahakama iombwe ziandikwe, zipigwe picha na kuachiliwa kabla hazijaharibika. Kesi ikiisha, mahakama ina uwezo wa kuamuru mali irejeshwe kwa mwenyewe. Sheria ya Ulinzi wa Waathiriwa ya 2014 nayo inakupa haki ya kujulishwa hatua za kesi na kusikizwa.

Nani atalipa hasara?

Jibu linategemea swali moja: ni nani aliyekuwa akishikilia mali na ufunguo?

Ikiwa ulikodi chumba, ukaweka kufuli lako na ufunguo ukabaki nao, wewe ni mpangaji wa nafasi. Mali iko mikononi mwako. Mwenye stoo halipi kwa sababu tu ya kuwa na jengo. Atawajibika ikiwa alivunja ahadi au alizembea. Kwa mfano, alikubali kuweka mlinzi na taa, akakutoza pesa za ulinzi, kisha hakuweka. Au ulimwarifu kwamba bati la nyuma limelegea, akanyamaza, na mwizi akapitia hapo. Ni lazima uonyeshe kwamba alijua, alikuwa na wajibu wa kurekebisha, hakurekebisha, na wizi ukatokana na kasoro hiyo.

Ikiwa ulimkabidhi mtu wa stoo magunia, akayahesabu, akayapokea na kubaki na ufunguo, huyo ni mwekewa amana. Hapa mzigo unageuka. Wewe unahitaji kuonyesha kwamba ulimkabidhi mali na hakuirudisha. Yeye ndiye anayetakiwa kuonyesha kwamba aliitunza kwa uangalifu unaofaa na kwamba ilipotea bila uzembe wake. Ndiyo maana karatasi ya makabidhiano, hata iliyoandikwa kwa kalamu na kutiwa sahihi, ni muhimu sana.

Ikiwa ni stoo ya pamoja, ambapo kila mtu ana kona yake chini ya turubai na mlinzi mmoja hulipwa na wote, angalieni nani alimwajiri mlinzi na nani alipokea pesa. Mara nyingi huyo ndiye wa kuulizwa. Chini ya Sheria ya Udhibiti wa Huduma za Ulinzi wa Kibinafsi ya 2016, walinzi na kampuni za ulinzi hutakiwa kusajiliwa. Ombeni kuona usajili kabla ya kuchanga pesa.

Kwa wakulima wanaohifadhi nafaka nyingi, Sheria ya Mfumo wa Stakabadhi za Ghala ya 2019 imeweka njia nyingine: ghala lenye leseni hupokea mazao, huyapima na kutoa stakabadhi inayoonyesha kiasi na ubora. Mwenye ghala huwajibika kwa utunzaji wake.

Bango la "Mali yawekwa kwa hatari ya mwenyewe" halimalizi kila dai. Mahakama huuliza kama ulionyeshwa sharti hilo kabla ya kukubaliana, na hulisoma kwa ufinyu. Bango lililobandikwa baada ya wewe kulipa miezi 6 lina uzito mdogo.

Jinsi ya kudai

Anza kwa barua. Eleza tarehe, nambari ya OB, mali iliyopotea, thamani yake na sababu ya kumwona mwenye stoo kuwa na wajibu. Mpe muda wa kujibu, kwa mfano siku 14. Wengi hukubaliana katika hatua hii, pengine kwa kupunguziwa kodi. Makubaliano hayo yaandikwe.

Usiache kulipa kodi kwa hasira. Kodi itaendelea kuhesabiwa, na unaweza kuletewa dalali huku dai lako likiwa halijasikizwa.

Mkishindwa kuelewana, madai yasiyozidi Sh1,000,000 yanaweza kupelekwa katika Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa Sheria ya 2016. Unaweza kujiwakilisha bila wakili, na sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60 tangu kuwasilishwa. Fika katika masjala ya Mahakama ya Meru uelekezwe kuhusu fomu na ada. Usichelewe: dai la uzembe hufungwa baada ya miaka 3, na dai la kuvunja mkataba baada ya miaka 6.

Kumbuka kwamba kesi ya jinai na dai la fidia ni vitu viwili. Huhitaji kusubiri mwizi afungwe ndipo umdai mwenye stoo.

Bima

Kama una bima, iarifu kampuni mara moja, kwa maandishi, na uombe abstrakti ya polisi. Soma masharti kwa makini. Bima nyingi za uvunjaji hulipa pale tu penye dalili za nguvu kutumika, kama vile kufuli lililokatwa au ukuta uliotobolewa. Aliyeingia kwa ufunguo wa ziada hakuacha dalili hiyo, na dai linaweza kukataliwa. Hakikisha pia kwamba bima inataja stoo yenyewe, kwa sababu bima ya duka huenda isifike kwenye stoo iliyo mtaa wa pili.

Mambo ya kuepuka

Usichukue sheria mkononi. Mshukiwa akikamatwa sokoni, raia anaruhusiwa kumzuilia, lakini anatakiwa kumkabidhi kwa polisi bila kuchelewa. Anayemrushia jiwe mtu akafa anaweza kushtakiwa kwa mauaji, na aliyepoteza magunia 15 akajikuta amepoteza uhuru wake. Isitoshe, mshukiwa aliyeuawa hawezi kusema magunia yako wapi.

Usikubaliane na mwizi kwa siri. Kupokea pesa au mali kwa ahadi ya kuficha kosa kubwa au kuacha mashtaka ni kosa kwako pia, chini ya kifungu cha 118. Wazee wanaheshimika hapa Meru, na Katiba inatambua njia za jadi za kusuluhisha mizozo. Wanaweza kusaidia sana kati ya mpangaji na mwenye stoo. Lakini kuvunja stoo ni kosa kubwa, na faili ikishafunguliwa, uamuzi wa kuendelea na kesi hauko mikononi mwa familia mbili pekee.

Usitangaze zawadi kwa maneno ya "hakuna atakayeulizwa swali." Wengi hawajui kwamba kifungu cha 120 kinafanya tangazo la namna hiyo kuwa kosa. Unaweza kutangaza zawadi kwa mwenye habari, bila ahadi hiyo.

Kabla ya kukodi

Kagua paa na ukuta wa nyuma kabla ya mlango. Uliza nani ana ufunguo wa pili na nani alikuwa mpangaji kabla yako. Kisha nunua kufuli lako mwenyewe. Andikeni mkataba hata wa ukurasa mmoja: kodi ni kiasi gani, mlinzi ni wa nani, taa ni za nani, matengenezo ni ya nani, na mali ikipotea itakuwaje. Kila mmoja abaki na nakala yenye sahihi. Jioni, hesabu mali na uandike. Usiweke mtaji wote katika stoo moja ikiwa unaweza kuugawa.

Majirani wa stoo nao wabadilishane nambari za simu na kukubaliana kupitia Nyumba Kumi ni saa ngapi gari lolote linalopakia lifaa kuulizwa. Gari haliwezi kubeba magunia 15 bila mtu kulisikia. Jirani akijua nambari ya kupiga, anaweza kupiga kabla gari halijaondoka.